Verlon Tidmore, Mwenye Ufunguo wa Kanisa la Pisgah Shoals

Marehemu Verlon Amos Tidmore alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1946, hapa hapa Pisgah Shoals, kaskazini mwa Alabama, katika nyumba inayotazamana na kanisa hili. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Amos na Lettie Tidmore. Dada yake, Ouida, ambaye ndiye mama yangu, alikuwa na miaka mitatu, na husimulia kwamba alipoonyeshwa mtoto aliuliza kama anaweza kurudishwa alikotoka. Kiwanja cha kanisa, pamoja na makaburi haya tunamosimama, kilitolewa na babu yao. Kwa sababu hiyo mjomba alikua akidhani kanisa ni chumba kimojawapo cha nyumba yao. Akiwa na miaka saba alikutwa chini ya meza ya Bwana akila mkate wa ushirika, akajitetea kwamba nyumba ni ya babu yake, basi na mkate ni wa babu yake.

Alisoma shule ya msingi ya Pisgah Shoals, kisha sekondari ya wilaya, akamaliza mwaka 1964 bila sifa kubwa na bila aibu kubwa. Mwaka 1966 aliitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani, na huko akafundishwa ufundi wa mabomba. Aliporudi alifungua karakana yake, akaifanyia kazi miaka arobaini na mitatu. Karibu kila mmoja wenu hapa ana bomba nyumbani kwake lililopita mikononi mwa mjomba. Mwaka 1978, bibi Lettie alipoanza kuumwa magoti, mjomba alijenga choo cha ndani kanisani, peke yake, bila malipo, ili mama yake asitoke nje kwenye baridi katikati ya mahubiri.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Nelda Crump, mwalimu wa shule ya Jumapili, kwenye madhabahu ya kanisa hili. Walijaliwa mtoto mmoja, Garland. Mkewe Nelda alifariki mwaka 2016, na leo tunamlaza mjomba ubavuni pake. Wanaomkumbuka wanasema angekuwa hai, mengi ya mwaka 2022 yasingefika yalikofika. Yeye ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia mjomba, "Verlon, kaa chini," naye akakaa.

Kuhusu mwaka huo sina budi kusema, maana marehemu mwenyewe aliniagiza. Aliniita Januari hii iliyopita akaniambia, "Dorinda, wasifu wangu uandike wewe, mtoto wa Ouida. Garland atanisifu tu."

Wote mnajua lililotugawa. Dhehebu lilikuwa likibishana juu ya ndoa za watu wa jinsia moja na juu ya nani awekewe mikono ya uchungaji, na makanisa mengi yalikuwa yanajitoa. Shida ilikuwa hati. Babu yao alipotoa kiwanja, hati iliandikwa kwamba kanisa linashikiliwa kwa niaba ya dhehebu, na kwa kanuni za dhehebu anayetaka kuondoka na jengo lake ni lazima apate theluthi mbili ya kura na kulilipa dhehebu. Mjomba alikuwa mwenyekiti wa bodi ya wadhamini wa kanisa. Siku ya kura, tarehe 18 Septemba, alisimama akasema, "Wao ndio wameiacha Biblia, si sisi. Na nyumba hii aliijenga babu yetu."

Mama akasimama upande wa pili. "Babu aliitoa, Verlon. Ukishatoa kitu, si chako tena."

Upande wa mjomba ulishinda. Mama na wenzake waliobaki na dhehebu walihamia kituo cha zimamoto, ambako mpaka leo gari la maji hutolewa nje kila Jumapili ili viti vipate nafasi. Sisemi nani alikuwa sahihi. Waliobishana wako hapa pande zote mbili za jeneza, na wengine bado wana nguvu za kubishana.

Jumapili ya pili ya Mei mwaka uliofuata ilikuwa siku yetu ya kupamba makaburi. Kura haihamishi wafu, kwa hiyo wa pande zote walikuja na maua yao na vyakula vyao, ila meza zilikuwa mbili. Mama alikuja kupamba kaburi la baba yangu. Alikuwa na miaka themanini, na vidonge vyake vya presha, vinavyoharakisha haja ndogo, havimpi mtu muda wa kujadiliana. Alikwenda mlangoni mwa kanisa, akakuta umefungwa, na mjomba amesimama hapo na wadhamini wenzake.

"Verlon, nifungulie niende chooni."

"Dada, mwanasheria amekataza. Anasema mkiingia mtakuja kudai bado ni kwenu."

"Sijaja kudai kanisa. Nimekuja kukojoa."

"Hata ufunguo sina. Uko kwa mchungaji."

Kuna mtu alicheka. Wadhamini waliangalia viatu vyao. Kituo cha mafuta cha karibu kiko ng'ambo ya mto, na mama hakufika. Ameniruhusu kulisema hili mbele yenu. Nilipomuuliza kama haoni aibu alinijibu, "Aibu ipi? Nguo zilishafuliwa."

Husemwa kwamba mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kwa mjomba ilikuwa kinyume. Wiki ile ile alijiuzulu udhamini bila kutoa sababu. Kabla mwaka haujaisha alijenga choo kwenye ardhi yake mwenyewe, kule ng'ambo ya barabara: vyumba viwili, vyuma vya kushikilia kwa wazee, maji ya moto, na milango isiyo na kufuli. Mjomba alikuwa mtu wa kujenga choo kizima ili akwepe kusema neno moja. Mwaka uliofuata, siku ya kupamba makaburi, alikaa barazani akimwangalia dada yake akimaliza kupamba kaburi, akipanda gari na kwenda zake kituo cha mafuta. Garland anasema baba yake hakugusa chakula siku hiyo.

Agosti 2024 madaktari wa mjini Huntsville walimkuta na saratani ya kongosho. Alitibiwa mpaka Krismasi, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Jumatano ya tarehe 5 Februari nilimpeleka mama kumwona. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti cha nyumba ile tangu siku ya kura. Alibeba bakuli la kuku aliyechemshwa na matonge ya unga.

"Najua huli," alimwambia, "ila siji kwa mtu mikono mitupu."

Walizungumza juu ya nyanya, juu ya mvua, juu ya shemeji aliyeoa tena. Kisha mjomba akasema, "Dada, ufunguo nilikuwa nao. Ulikuwa mfukoni."

"Najua. Ulikuwa umeukamata humo kama mtoto aliyeiba peremende."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Mjomba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mkewe. "Basi nimesema. Utanisamehe?"

Mama alimfunika shuka vizuri. "Ulinifungia mlango siku ya Jumapili. Nitakujibu Jumapili, nikitoka ibadani."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mwanamke mkaidi!"

"Tumetoka tumbo moja," mama akasema, akambusu kwenye paji la uso, tukaondoka.

Mjomba Verlon alifariki Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, mchana, Garland akiwa amemshika mkono. Garland anasema asubuhi ile baba yake aliuliza kama ni Jumapili, akaambiwa bado. Nilipompigia mama simu alikuwa anapiga pasi gauni la ibada. Hajalivaa. Tangu siku ile amekuwa akilala na kuamka na neno moja ambalo hakumpa mdogo wake, na hakuna ninachomwambia kinachomsaidia.

Marehemu ameacha mwana, Garland, na mke wake, Renita, wajukuu watatu, mimi, mpwa wake, makanisa mawili yenye jina moja, na dada yake, Ouida. Mama hawezi kusimama hapa kuongea. Ameniagiza nimsomee mdogo wake jibu lake, kwa maneno yake mwenyewe, nanyi mkisikia:

"Verlon, ni ndiyo. Ilikuwa ndiyo tangu Jumatano. Nilitaka tu nawe uonje kungoja. Nisamehe."

Mungu ampumzishe.