Mkuki Mmoja, Medali Mbili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya shule yetu, Mwalimu Mkuu, walimu wote mliopo, wazazi wenzangu, wanafunzi, majirani mliokuja kwa mwaliko na majirani mliokuja kwa kusikia harufu ya jikoni, na wewe kaka yangu uliyechagua kiti cha karibu na mlango kama mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Mshereheshaji amenipa dakika tano. Namheshimu sana, lakini nywele alizonazo kichwani nilizisuka mimi jana, tangu asubuhi hadi jua linazama, na muda wote huo msemaji alikuwa yeye. Kwa hiyo leo ni zamu yangu.

Kwa wasionifahamu, mimi ni msusi, mwenye saluni ile ya mlango wa kijani. Ni dada wa fundi seremala aliyekaa pale mlangoni, na kwa hiyo ni shangazi wa binti tuliyekusanyika kumpongeza, ambaye wengi wenu mnamwita Kijiti, jina alilopewa na bibi yake siku aliyozaliwa kwa sababu ya wembamba wake. Chama cha riadha kilipotaka mwanamke mtu mzima wa kumsindikiza kwenye mashindano ya kimataifa ya riadha ya vijana, kilitafuta mtu mtulivu, mvumilivu na mwenye kufuata maelekezo. Huyo hakupatikana, nikaenda mimi.

Sasa niseme wazi kilichonisimamisha hapa. Kijiti amerudi na medali ya fedha ya kurusha mkuki, lakini mtaani habari si fedha aliyoipata, habari ni dhahabu aliyoikosa. Ninyi mnajua saluni ni mahali gani. Nimesikia kwamba mtoto alimgawia mshindani wake mkuki wake mwenyewe, kisha akapigwa nao. Kuna mteja mmoja, mapovu ya shampuu yamemjaa masikioni, alinisimulia jinsi ilivyokuwa, mimi niliyekuwepo! Na kaka yangu naye anasikia huko karakanani kwake. Wateja wanapita wanamtania, "Fundi, leo unagawa nini?" Kaka yangu si mtu wa kucheka upesi. Akasema mikuki basi, mtoto asiyejua kushika chake hana la kutafuta huko duniani. Tangu siku hiyo Kijiti hajagusa mkuki. Anapiga msasa milango. Na huku Mheshimiwa amekuja na nafasi ya shule ya michezo, nafasi ya mtoto mmoja tu, na anataka jibu la mzazi kabla hajaondoka leo. Mzazi mnamwona alipokaa. Mmeelewa sasa kwa nini dakika tano hazitoshi?

Basi tuanzie uwanja wa ndege. Kuna kati yenu aliyewahi kusafiri na mkuki? Mkuki wa wasichana wa umri wake ni mrefu kuliko mimi na ni mwepesi kuliko mkoba wangu. Tuliutia ndani ya bomba la plastiki, lile la maji machafu. Jipya lakini, msinitazame hivyo. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Mama, humo ndani mna nini?" Nikamjibu kwa heshima zote, "Mkuki." Kijiti alinifinya, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wakaja watu wanne. Mmoja akauliza kama una ncha. Nikamwambia, "Mwanangu, usingekuwa na ncha si ningekwambia ni fimbo?" Tulikuwa abiria wa mwisho kupanda.

Tulipofika, kila mkuki ulipelekwa kukaguliwa. Mkuki, kwa wasiojua, una sehemu ya kushikia pale katikati, imezungushiwa kamba. Kamba ya Kijiti ilikuwa imechakaa, nikaisuka upya kwa mkono wangu, mistari midogo midogo, kazi ambayo huwa nawafanyia maharusi tu. Mkaguzi alikuwa mzee wa glovu nyeupe. Akapima uzito, akapima urefu, kisha akafika kwenye msuko wangu. Akaupapasa. Akavua miwani, akaivaa, akaupapasa tena. Nikasema moyoni, babu, hiyo haifumuki hata uivute na trekta. Akabandika alama yake, ukapita.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo mtaa mzima ulipopotelea. Mkuki ukishapita ukaguzi, unasimamishwa uwanjani pamoja na mingine, na mshindani yeyote ana ruhusa ya kuchukua wowote anaoutaka. Ndiyo sheria. Hata mimi nilielezwa sheria hiyo kwenye kikao cha maelekezo, ila kikao chenyewe kilikuwa mara tu baada ya chakula cha mchana, na viti vyao vilikuwa vizuri mno.

Siku ya fainali ikafika. Kila msichana anarusha mara tatu, wanaofanya vizuri wanaongezewa tatu nyingine. Kijiti wetu alirusha mara ya kwanza akaongoza, na akaendelea kuongoza akiwa amekaa kwenye benchi anakunywa maji. Palikuwa na msichana mmoja mrefu wa timu nyingine, nywele zimesukwa ovyo, mnisamehe, ni kazi yangu kuona. Mkuki wake ulipotezwa safarini, ndege iliupeleka kwingine. Alikuwa anarusha kwa mikuki ya wenyeji na mambo hayaendi, alibaki kwenye mashindano kwa kuponea chupuchupu. Ilipofika zamu yake ya nne, akaenda pale mikuki iliposimama, akaitazama, akanyoosha mkono, akauchomoa wa kwetu.

Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Kwenye saluni yangu mtu hagusi kitana cha mwenzake. Nilipanda juu ya kiti nikapiga yowe: "Mwizi! Mwizi huyo! Mkamateni!" Uwanja ule ulikuwa na watu wa lugha zote, na nawahakikishia hakuna aliyehitaji mkalimani. Nikaruka viti, nikafika kwenye kizuizi, mguu mmoja tayari uko upande wa pili, ndipo mlinzi mmoja, mama wa mwili wake, akanidaka kiwiko. Sikuomba radhi siku ile na leo siombi. Tena alinisimamisha pale pale kizuizini, nikaona kila kitu kwa karibu kuliko wenye tiketi za bei mbaya.

Yule msichana akakimbia, akarusha. Mkuki ukaanguka kwa ubavu, na mkuki usiotanguliza ncha hauhesabiwi. Nilifurahi! Nisiwadanganye, nilifurahi sana. Msuko wangu ulikuwa umemkataa: ni mnene kidogo, una namna yake ya kushikwa, na yeye ulimteleza. Alirudi anakitazama kiganja chake. Na hapo Kijiti akainuka kwenye benchi.

Mnasema aligawa mkuki. Hakugawa, sheria iligawa. Yeye alifanya kubwa zaidi, na kaka, hili hujalisikia kwa yeyote. Alimfuata yule msichana, akamkunjua kiganja, akamwekea kidole cha kati nyuma ya msuko, kisha akamkunja vidole vilivyobaki kimoja kimoja, namna unavyomshikisha mtoto penseli. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata ya kusalimiana. Akamwonyesha, akahakikisha ameelewa, akarudi kukaa. Nilitaka kuzimia, lakini mlinzi alikuwa amenishika vizuri.

Mara ya tano yule msichana akarusha. Mkuki ukaenda, ukaenda, ukampita Kijiti wetu. Eeh, naona mnaguna. Mimi sikuguna, mimi nilisema maneno ambayo Mwalimu Mkuu hapendi yasemwe mbele ya wanafunzi.

Ikabaki zamu ya mwisho. Mkuki ulirudishwa kutoka uwanjani na kigari kidogo cha rimoti, kinakuja taratibu na mizigo yake, na Kijiti akaupokea. Mwalimu wetu wa michezo, aliyejifunza kurusha mkuki kwenye simu na ambaye bega lake halijapona hadi leo, atawaeleza kitaalamu alivyokimbia na alivyopinda mgongo. Mimi nawaambia kwa lugha ya saluni: kila kitu kilikaa mahali pake. Aliurusha mbali kuliko alivyowahi kurusha maishani mwake, hapa au popote. Akaongoza tena! Mlinzi aliniachia kiwiko ili apige makofi.

Kigari kikaenda, kikarudi. Yule msichana akauchukua mkuki ule ule, kidole cha kati nyuma ya msuko, akakimbia. Akampita Kijiti kwa shibiri moja. Shibiri, hii hapa, kutoka dole gumba hadi hapa.

Sasa nawauliza wataalamu wote wa mtaani. Kama yule msichana angeachwa na mkuki wa kumteleza, Kijiti angeshinda? Angeshinda, ndiyo. Angeshinda kwa ule mrusho wake wa kwanza, ambao hapa nyumbani anaufikisha siku ya mazoezi akiwa na mafua. Huu wa mwisho, huu uliomfanya Mheshimiwa aje hapa na nafasi mkononi, angeutoa kwa ajili ya nani?

Jioni, kwenye bweni tulilopangiwa kulala, nikamweka chini. Nikamwambia, "Mwanangu, niambie ukweli. Kwa nini ulimfundisha yule?" Akanitazama kama mimi ndiye mwenye matatizo. Akasema, "Shangazi, alikuwa anaushika vibaya." Basi! Hakuna kingine! Akageukia mkate wake. Nikabaki najiuliza jibu hilo nimeshalisikia wapi.

Kaka, usitazame dari. Dari hiyo uliipiga wewe, na sote tunajua kasoro yake iko wapi.

Mnamkumbuka fundi aliyekuja kufungua karakana mkabala na ya kaka yangu, mlango kwa mlango, barabara tu katikati? Yule pale safu ya nne, anajifanya anafunga kamba za viatu. Siku aliyofungua tulingojea vita. Kaka alisimama mlangoni kwake, amekunja mikono, anasikiliza randa ya jirani inavyokwaruza mbao. Akasikiliza weee. Kisha akaingia ndani, akachukua randa yake, ile nzuri, ile ambayo hata kuipangusa vumbi haturuhusu, akavuka nayo barabara. Nikamwambia wifi, leo mtu anatolewa meno. Akakaa huko mpaka chai ikapoa. Akarudi mikono mitupu. Wifi akamuuliza, "Randa iko wapi?" Akasema, "Nimemwachia." Wifi akapandisha sauti, "Umemwachia mshindani wako?" Mimi nilikuwepo, naosha vyombo. Kijiti alikuwepo, mdogo, amekaa sakafuni anachezea maranda. Na mume wako akakujibu nini, wifi? Simama uwaambie.

Mmemsikia wenyewe. "Alikuwa anaishika vibaya."

Chekeni, chekeni, lakini mnipe nafasi nimalize. Kaka, ulifilisika? Milango yako ya zamani, tusidanganyane, ilikuwa inafungwa kwa teke. Ninao mmoja nyumbani. Jirani alipoanza kutoa milango mizuri ndipo usingizi ukakuisha, ukaanza kupima na kupima tena, na leo mlango wako mtoto mchanga anaufunga kwa kidole. Fundi wa safu ya nne, viatu vimeshafungika, inuka tukuone. Asante, keti.

Jioni ile bwenini nililia, kaka, na wala sikuwa nalilia dhahabu. Nilikuwa nimekuona wewe, unavuka barabara na randa mkononi. Nilikuonea fahari, na sijawahi kukwambia, kwa sababu sisi wawili tangu utoto hatuambiani vitu kama hivyo, tunaambiana "umekula?" na "funga mlango". Leo nakwambia mbele ya watu. Huyu mtoto hakuokota upumbavu ugenini. Alikutazama wewe. Wanaokutania karakanani hawajui kwamba wanakusifu, na wewe unaona haya kwa kitu ambacho mimi nimetembea nacho kifua mbele kutoka kule hadi hapa. Usimfungie mtoto njia kwa sababu amefanana na wewe. Mheshimiwa anasubiri jibu, na Kijiti pale mbele hajainua uso tangu nianze kusema.

Kaka anasimama. Ninyi wa karibu na mlango, msimpishe!

Hapana, haendi mlangoni. Mpeni kipaza sauti. Anakikataa. Haya, tunyamaze, jamani, watoto wanyamazisheni. Sema, kaka.

Kwa ninyi wa nyuma ambao hamkusikia, na najua hamkusikia kwa sababu sauti imemkatika katikati, amesema, "Aende."

Ni neno moja tu. Lakini kwa kaka yangu hiyo ni hotuba nzima, na imeishinda yangu.

Mheshimiwa, jibu ulilolifuata ndilo hilo. Nilikuwa na mengine ya kusema, ila macho hayanioneshi tena karatasi. Nawashukuru nyote, wa mbele na wa nyuma, kwa kunipa masikio yenu.