Bwana Lebo na Chupa Sita

Miaka thelathini na moja kazini, na kuchelewa mara mbili tu! Tarehe thelathini Juni fundi wetu wa maabara, yule tunayemwita Bwana Lebo, anavua koti jeupe. Wameniambia niandike mimi, bibi yenu wa kuosha vyombo, kwa kuwa nimekaa naye kuliko nyote. Atakayecheka mwandiko wangu aje sinkini aoshe chupa.

Alianza kwa kulisha panya wa utafiti. Akapanda hadi kuotesha seli, chembe hai zinazokaa chupani na kudeka kuliko mtoto mchanga: joto likipungua zimekufa, uchafu ukiingia zimekufa.

Kila kitu chake kina lebo na tarehe. Mirija, friji, mwavuli, hata kikombe cha chai. Siku moja mtafiti mkuu alikalia kiti cha Bwana Lebo, akaingia mkutanoni na lebo imemganda nyuma ya suruali: "Kimekaguliwa. Kisihamishwe." Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sasa hili hamlijui. Miaka kumi na tisa iliyopita seli zilikufa wiki tatu mfululizo. Dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa seli hizo ilikaribia kuachwa, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mkono wa fundi umechoka, apelekwe stoo. Hakugombana na mtu. Alichukua chupa sita nilizoosha mimi, akaosha sita nyingine mwenyewe, akaotesha seli zilezile kwa chakula kilekile. Siku ya nne zake zilikuwa hai. Zangu, msiba mtupu. Kumbe nilikuwa nasuuza mara tatu kama sufuria za nyumbani, na sabuni inabaki bila kuonekana.

Nikajua kibarua kimeota nyasi. Angenitaja tu, jina lake lingetakata. Yeye akaandika kwenye daftari la maabara: "Sabuni imebaki chupani. Fundi hakukagua." Kisha akaja sinkini, akakunja mikono ya koti. "Mama, ni mara kumi. Haya, tuhesabu."

Dawa ile ilifaulu majaribio. Watafiti wakapigiwa makofi. Yeye wakamshukuru ukurasa wa mwisho wa ripoti, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Hakulalamika. Nililalamika mimi, na bado nalalamika.

Nyinyi vijana mnaoandika kwenye mirija kwa wino unaofutika kwa spiriti, halafu mnauliza hii ni ya nani, mtamkumbuka kabla wiki haijaisha!

Asubuhi hii nimelifungua daftari lile. Chini ya mstari wake nimebandika lebo, na tarehe, kama alivyonifunza: "Chupa niliziosha mimi. Fundi hana kosa." Anayetaka kunifukuza anajua sinki lilipo.

Asante, ndugu yangu. Kapumzike, unywe chai kwenye kikombe kisicho na tarehe, na siku zako ziwe ndefu na zenye afya. Huku usiwe na wasiwasi. Ni mara kumi, na nahesabu kwa sauti.