Aliondoka Amevaa Nini

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wenzetu, na ninyi wateja mliotupa kisogo mwezi uliopita na leo mmerudi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee safari ya dada yetu, fundi viatu mliyemwita Bi Kaa-Kwanza, na imenituma mimi si kwa kuwa nasoma vizuri, bali kwa kuwa kuna sehemu ambayo hakuna mwingine anayeweza kuisoma.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Agosti 1963, katika chumba cha nyuma cha duka la baba, kati ya gunia la visigino na meza ya kukatia ngozi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu. Alianza shule ya msingi Januari 1971, akamaliza mwaka 1977, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, alipokatisha masomo mwishoni mwa 1979 kwa sababu macho ya baba yalikuwa yameanza kukataa tundu la sindano.

Januari 1980 alikalia kigoda cha baba, na tangu siku hiyo aliweka utaratibu wake, kwamba mteja akiingia haulizwi anataka nini, anaambiwa, "Kaa kwanza," kisha fundi mwenyewe anapiga magoti, anatandika karatasi ya kaki sakafuni, anauchora unyayo kwa penseli, na pembeni anaandika mambo ambayo futi haiyapimi, kama vile "anasimama kutwa," au "kidole kidogo kinauma, hasemi," au "usimuulize habari za ajali." Karatasi hizo alizitundika ukutani kwa misumari, miguu ya mtaa mzima, wazima na waliotangulia, maana hakuwahi kuitungua hata moja, na feni ilipozunguka zilichakarika kama umati unaotembea taratibu. Mkabala wetu yalifunguliwa maduka mawili yanayouza viatu vipya kwa bei ya chini kuliko soli yetu, na watu waliyapita wakaja kwake, wakasubiri foleni.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, aliyeleta buti lile lile mara nne kwa mwezi mmoja, mpaka baba akasema, "Buti hili halina ugonjwa, mwenye nalo ndiye mgonjwa." Walijaliwa mabinti wawili, wa mwaka 1988 na wa mwaka 1992, ambao wako hapa mbele, na ambao hawajawahi kuvaa kiatu kilichowabana.

Marehemu alianza kuumwa Novemba 2024, akalazwa tarehe 20 Januari mwaka huu, wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, na duka akanikabidhi mimi, mtu niliyepokea wageni katika hoteli za nchi tano, nikafukuzwa katika nne, ya tano ikafungwa kabla hawajanifikia. Nilijiona mtaalamu. Masanduku yangu ya safari niliyaweka juu ya kiti cha wateja.

Jumatatu, tarehe 3 Februari, saa tisa alasiri, mvua ikinyesha, aliingia mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole viwili, na kiatu chake cha upande huo marehemu alikiwekea soli nene miaka kumi na tisa. Alivua viatu akiwa amesimama, kwa kuwa pa kukaa hapakuwepo, akaviweka kaunta, akasema cha kulia kimeanza kumbana. Nami, simu mkononi, bila kuinuka, nikamjibu, "Mzee, kiatu hakikui, labda ni wewe uliyezeeka," wateja wawili wakacheka. Yeye akasema, "Asante, kijana," akatoka.

Jioni nilimsimulia dada kitandani, nikiigiza na sauti, nikisubiri acheke. Hakucheka. Aliniuliza, "Aliondoka amevaa nini?"

Sikuwa nimeangalia. Viatu vilikuwa bado kaunta. Niliporudi dukani nilikuta sakafuni alama za soksi zilizolowa, mguu mmoja mzima na mwingine vidole tu, mzima na vidole, mpaka mlangoni. Nilizipiga deki usiku huo, na kesho yake, na bado naziona, hata hapa nazikwepa.

Nikamwambia dada, mbona hakugomba? Akasema, "Anayegomba bado ni wetu. Anayenyamaza ndiye ameondoka." Na kweli, wengine walimfuata kimya kimya, kengele ya mlango ikanyamaza siku nzima, nikabaki mimi na feni na miguu ya ukutani, na naapa ilikuwa ikitembea kuelekea nje.

Alinituma nimletee karatasi ya mwalimu na vile viatu, akavipapasa ndani, akasema, "Mguu umevimba kweli. Ulisema ukweli, mdogo wangu, ila ukweli huo husemwa ukiwa umepiga magoti." Muuguzi alikataza gundi wodini, basi alifumua na kushona kwa sindano, mishono mitatu au minne kwa siku, akamaliza Jumapili tarehe 9 Machi, akasema, "Mpelekee. Usimwite aje." Jumanne, tarehe 11 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alituacha.

Nimekwenda kwa mwalimu mara tatu. Mlango una kufuli, na jirani anasema alihama mwezi uliopita, anatembelea fimbo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, hasa yule aliyejifanya haoni sindano, majirani mliotupikia na kukesha nasi msibani, na mafundi wenzetu mliofunga vibanda vyenu leo. Tangu asubuhi mmeniona nimeinamisha kichwa kila anapoingia mtu, mkanipa pole, na ni kweli ni huzuni, lakini pia nimekuwa nikitazama miguu yenu, nikitafuta mguu mmoja unaokanyaga kwa vidole. Viatu viko hapa chini ya kiti changu. Mwalimu, kama upo huko nyuma, usisogee, kaa kwanza, nitakuja mimi. Na kama hayupo, anayejua anapokaa aninong'oneze tu njia, magoti ninayo.

Dada, wewe umekwisha kupiga magoti ya kutosha, vua viatu sasa, upumzike kwa amani.