Nélida Scarpati na Ngazi za Ghorofa ya Nne

Ijumaa tarehe 19 Desemba Profesa Nélida Scarpati anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha saikolojia katika kitivo chetu hapa Rosario. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu ofisi zetu zimepakana, na mwezi Machi nitalirithi somo lake. Nimekubali, lakini kila nikiandika mstari mmoja nachanganyikiwa zaidi.

Alipofika, karibu kila mwalimu hapa alikuwa mchanganuzi wa nafsi au mgonjwa wa mchanganuzi wa nafsi, na wengi wetu tulikuwa vyote viwili. Yeye alifika na kizimba cha panya. Alishika nadharia ya tabia: kinachoonekana ndicho kinachopimika, mtu hurudia kinachomlipa na huacha kinachomuumiza, mengine porojo. Sisi tuliozoea kujilaza kwenye kochi kila wiki tukisimulia ndoto za mama zetu tulimwona mshamba kabisa. Horacio Etchart, ambaye leo ni mkuu wa idara, alisema kikaoni, "Huyu dada anadhani binadamu ni panya aliyevaa suti." Nélida akapokea kibuyu chake cha mate, ile chai yetu ya kunyonywa kwa mrija, akanyonya taratibu, akajibu, "Panya wangu angalau hawachelewi kikao."

Somo lake lilikuwa kulinganisha nadharia kuu, na mtihani wake wa mdomo uliogopwa kuliko daktari wa meno. Mwanafunzi huzungusha kitunga cha kura, kinatoka kipira chenye namba, na namba ndiyo nadharia atakayoitetea. Ukitoka na nadharia ya tabia, ambayo ni yake mwenyewe, anakugeuka: na ndoto utaziweka wapi? Ukitoka na uchanganuzi wa nafsi, anauliza hayo yaliyofichika moyoni umeyaona kwa jicho lipi. Wa nadharia ya utambuzi, wanaosema tunaumizwa na tunavyoyafikiria mambo kuliko mambo yenyewe, waliulizwa mtoto mchanga anafikiria nini. Na wale wa nadharia ya utu, wanaoamini kila mtu akisikilizwa vizuri atachanua mwenyewe, aliwasikiliza kimya mpaka wakaishiwa maneno. Wengi walifeli. Wengi walirudi mara tatu, nne, na sijui kwa nini walimpenda.

Sasa nifike kwenye lifti. Ofisi zetu na chumba cha mitihani viko ghorofa ya nne, na Nélida hajawahi kupanda lifti ya jengo hili. Hata mara moja. Kiangazi chote cha Desemba, joto la mto linakukaba koo, yeye ngazi kwa ngazi na begi lake begani. Sote tulijua kwamba anaiogopa, na hapo ndipo ulipoanza ugomvi wetu wa miaka. Etchart alisema lifti ni tumbo la mama. Mirta Lescano, mtu wa utambuzi, alisema Nélida anajiambia kamba itakatika. Mimi nilikuwa na maelezo yangu kuhusu baba yake, aliyekuwa fundi wa lifti, mpaka nilipogundua kwamba alikuwa muoka mikate. Kilichotuchekesha zaidi ni kwamba nadharia yake mwenyewe ingemponya kwa wiki moja: leo simama mlangoni, kesho ingia, keshokutwa panda ghorofa moja. Mbona hajitibu?

Mwezi uliopita goti lake likagoma. Kupanda juu ya ghorofa ya kwanza hawezi tena, mitihani yake nimeishika mimi, na sherehe ya kumuaga tulikwisha kuipanga ghorofa ya nne. Akatuma ujumbe kwamba haji. Tukafanya kikao. Etchart akataka tumpe muda wa kuomboleza, Mirta akataka tumwandikie mawazo mema ya kusoma akiwa ndani ya lifti, na mimi nikapendekeza tumwekee keki kila ghorofa. Tukabishana hadi chai ya mate ikapoa. Halafu Mirta akauliza, "Jamani, kuna aliyewahi kumuuliza mwenyewe?" Wanasaikolojia kumi na moja, na hakuna.

Nikampigia simu. "Kuogopa lifti? Mimi?" akasema. "Kwa dada yangu napanda hadi ghorofa ya kumi na mbili. Sikiliza, ndugu yangu. Aliyefeli hapandi lifti na wenzake. Anashuka kwa ngazi, akifika ghorofa ya tatu anakaa, analia. Nimemfelisha mimi, sasa nani amkute?"

Nikamwambia basi Ijumaa apande mara moja tu.

"Mitihani itakuwa inaendelea," akasema. "Niwapite juu kwa juu, mimi nakwenda kula empanada? Siji."

Nilikata simu nikarudi kwenye wasifu huu. Alilipwa nini kwa kupanda ngazi zile, yeye aliyefundisha kwamba hakuna tendo lisilo na malipo? Ni majuto? Ni wazo? Ni utu? Nimejaribu nadharia zote nne, na kila moja inaeleza kidogo kisha inaniacha njiani. Na mwezi Machi eti nifundishe mimi.

Jumanne nilimfelisha mwanamke mmoja wa makamo, muuguzi, aliyejifunza usiku baada ya zamu. Nilipomaliza nilishuka kwa ngazi. Alikuwepo ghorofa ya tatu, viatu amevua.

"Profesa Nélida haji?" akaniuliza.

"Goti," nikasema.

Akajifuta uso, akasogea kidogo ukutani. "Basi kaa wewe."

Nikakaa. Tulikaa muda mrefu.

Nélida, asante kwa miaka yote, kwa panya, na kwa kila aliyerudi mara ya nne. Tunakuombea goti lipone na siku zako ziwe za raha. Ijumaa usiwaze lifti wala ghorofa ya nne: meza tumeiteremsha chini, penye ngazi, na waliofeli wote wamealikwa.