Mtoto Niliyemwandikisha kwa Jina la Nyumbani

Mama zangu, dada zangu, assalamu alaikum. Mmenisukuma mbele, haya, nimesimama. Kila nikisimulia jambo hili hofu inanirudia upya.

Kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake, mnajua. Sasa mwanangu akapewa jina la babu yake huyo huyo! Basi mimi nikawa namwita kwa jina la nyumbani. Siku moja hospitalini kule Bangale alidungwa sindano, akavimba midomo na koo, pumzi ikakatika. Alipona kwa rehema za Mungu tu. Daktari akaniuliza jina la mtoto, nikampa lile la nyumbani. Akaingiza kwenye kompyuta. "Dawa iliyomdhuru nimeiandika humu. Popote mtakapokwenda wataiona." Nikastarehe. Hata jina la dawa sikuuliza.

Kiangazi kikaja, tukashuka na ng'ombe huku Garsen. Mtoto akashikwa na kifua, homa kali. Mume yuko malishoni, kwa hiyo nikaenda hospitali na baba mkwe. Mapokezini yeye ndiye aliyetaja jina la mjukuu wake. Mimi kimya, na adabu zangu.

Muuguzi akaja na sindano. Nikamwuliza, "Umeiona ile dawa isiyomfaa?"

Akatazama kompyuta. "Mama, huyu hajawahi kutibiwa popote. Hana shida na dawa yoyote."

Ndugu zangu, hapo sikungoja. Nikamdaka mkono. "Usimdunge! Nakuomba, usimdunge!"

"Unataka afe na nimonia?"

Na kweli mtoto alikuwa anahema, mbavu zinaingia ndani. Nikimwachia adunge, huenda akafa. Nikimzuia, atakufa. Nilijikojolea, wallahi, nasema mbele yenu.

Baba mkwe ndiye aliyetanabahi. "Binti yangu, kule Bangale ulimwandikisha kwa jina gani?"

Nikainamisha kichwa, nikasema. Muuguzi akaandika upya. Mtandao ukazunguka, ukakwama, ukazunguka tena. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi na kuruka maneno. Ndipo ikatokea, kwa maandishi mekundu: penisilini, asipewe kabisa.

Muuguzi akaitua ile sindano kwenye trei. "Mama, ndiyo hii niliyoishika," akasema, akaisukuma trei mbali na mtoto.

Akapewa dawa nyingine. Yuko hai, jana tu kanivunjia kikombe. Namshukuru muuguzi yule, hakuona haya kuniomba radhi. Namshukuru na daktari wa Bangale aliyeandika. Kompyuta nayo ahsante, ingawa nusura iniulie mwana.

Jamani, ulizeni jina la dawa, mlishike wenyewe. Mkiambiwa kompyuta haina kitu, msinyamaze. Kutojua kwake si kwamba hakuna.

Siku hizi kwenye dirisha la mapokezi nataja majina yake yote mawili. Na baba mkwe, Mungu ampe umri, tukifika pale anatoka nje kwanza, ili niliseme jina lake bila haya.