Asubuhi Niliyomuunguza Somoe

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mmeitikia vizuri. Sasa kaeni, maana ushuhuda wangu ni mchungu na sikuja kuupaka asali.

Mimi ni Esteria, mzaliwa wa Ruangwa. Hapa Nachingwea wengi mnanijua kama yule dada wa kituo cha watu wenye ulemavu. Miaka sita nimewaogesha, nimewalisha na kuwageuza watu wazima ambao miili yao haiwatii. Na kazi hii niliipenda! Tulikuwa wahudumu wawili. Mwenzangu akaacha kazi, akarudi kwao Lionja kulima ufuta. Hakuletwa mwingine. Nikabaki peke yangu na watu tisa, Jumatatu mpaka Jumapili. Nilimwambia msimamizi wa kituo, akasema nivumilie mpaka mwezi ujao. Huo mwezi ujao ulichukua miezi minane.

Nikaja hapa mbele, mnakumbuka? Nikaomba mniombee nipate mapumziko. Mkaniwekea mikono, mkaniombea nguvu! Mkaniita malaika. Ndugu zangu, siku ile nilitoka nikalia nyuma ya vyoo vya kanisa. Malaika haumwi mgongo. Nani atakumbuka kumpokea malaika zamu?

Baada ya hapo nikaacha kuhisi. Mama alinipigia simu kwamba shangazi amefariki. Nikajibu, "Sawa," nikaendelea kufua mashuka. Watu niliozoea kuwaimbia nikiwaogesha, nikawa nawageuza kama magunia ya korosho. Sikuwa na hasira. Afadhali ningekuwa nayo.

Kituoni yuko mama mmoja wa Ruponda, anaitwa Somoe. Alianguka kutoka kwenye mkorosho, mikono na miguu ikafa ganzi mpaka leo. Lakini ulimi wake! Anatania kila mtu, na mimi nilikuwa shoga yake. Kila asubuhi nilimnywesha uji.

Asubuhi moja akaniambia, "Dada Esteria, wa moto huu."

Nilimsikia. Nikachota kijiko kingine.

"Dada, unaniunguza!"

Nikachota cha tatu. Akageuza uso, uji ukamchuruzika shingoni. Mzee wa kitanda cha jirani akapiga kelele, ndipo nikaona kijiko mkononi mwangu na midomo ya Somoe imeanza kuvimba.

Akaniuliza, "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi niitie msimamizi."

Msimamizi alikuja anafoka, akasema ananifukuza leo hii hii. Somoe akamkatiza, anaongea kwa shida. "Ameniunguza, ni kweli, na iandikwe. Lakini iandikwe pia kwamba mlimwacha peke yake. Sisi tulimwona anazimika kila siku. Mpeni mapumziko, mlete na watu wengine. Msipoleta, afisa ustawi wa jamii akija namwambia mwenyewe."

Ndugu zangu, Bwana alinikomboa kwa kinywa nilichokiunguza! Nilitamani anikomboe kwa njia nyingine, isiyomuumiza mtu. Haikuwa hivyo.

Nikapelekwa Ruangwa kwa mama yangu. Siku nne nililala tu. Ya tano nikamlilia shangazi, msiba wa watu umeshakwisha zamani. Mama hakunihubiria. Alisema, "Kula, mwanangu," akanisogezea ugali wa muhogo na kisamvu. Wiki ya tatu ndipo nikaanza kusikia ladha ya chumvi mdomoni. Nikajua narudi.

Afisa alikuja kweli, na Somoe alisema kweli. Niliporudi nilikuta wahudumu wapya wawili. Sasa tuna zamu, kila mtu ana siku yake ya kupumzika, na Ijumaa tunakaa chini tunaambiana ukweli. Aliyezidiwa anasema, anapokelewa. Haitwi mvivu.

Nilimpigia magoti Somoe. Akaniambia, "Nimekusamehe, dada. Ila kijiko changu ashike mwingine."

Ni mwaka sasa. Ananitania, namsukuma na kiti chake mpaka sokoni, tunacheka njia nzima. Lakini kulishwa na mimi, hataki. Sijamwomba tena. Nimekubali kwamba msamaha wake una mpaka, na mpaka huo niliuchora mimi.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kule kabla sijaua mtu. Na wewe uliye na mzazi, mume au mtoto wa kuhudumia nyumbani, ukiona mikono inafanya kazi na moyo haupo, mtumaini Bwana, anasikia! Lakini siku hiyo hiyo mwambie na binadamu. Usione aibu. Aibu yangu mimi mmeisikia, na nimebaki mzima.

Tukitoka hapa nitasimama pale mlangoni. Aliyechoka aje. Sitaanza na maombi. Nitamuuliza nani yuko nyumbani anamsubiri, kisha twende wote nikampokee zamu.