Choroko Zenye Mikia

Pale Madungu, njia inapokata kwenda Gombani, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili yaliyojaa mawe, na juu ya ubao huo mambo yote ya dunia yalikuwa yakihukumiwa kila siku baada ya sala ya alasiri. Mwaka ule barza nyingi za mji wa Chake zilikuwa zimeshagawanyika, wa chama hiki wakinywa kwao na wa chama kile kwao. Ubao huu haukugawanyika, wala si kwa sababu waliokaa juu yake walipendana sana. Muuza kahawa alikuwa mmoja tu, Hija, na dele lake moja la kumiminia, naye alikwisha kuapa kuwa mtu atakayetaja chama hapo atakunywa maji. Basi wakabaki kubishana juu ya mengine yote, na jambo lolote ulilowapelekea walikuwa na jawabu lake kabla hujamaliza kuuliza.

Siku hiyo Jecha alifika na kifurushi cha jani la mgomba mkononi. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini tu kutoka pale, na mtu mwenye akili zake timamu angepita moja kwa moja. Lakini Jecha akili zake zilikuwa zimemruka tangu mwezi uliopita, mama yake, Bi Mwanamize, aliposhikwa na homa. Homa yenyewe ilitoka, ila ilitoka na hamu yake yote ya kula. Uji alikataa, mchuzi wa kuku alikataa, na samaki akisikia harufu yake tu aligeukia ukutani. Wiki iliyopita alimwita Jecha akamwonyesha sanduku ilimowekwa sanda yake, kwa sauti ya mtu anayeelekeza chumvi ilipo. Tangu hapo Jecha alikuwa akianika karafuu za watu huko Gombani na machozi yamemkaa kooni.

Siku nne sasa, Bi Jamna, mke wa mwenye duka wa Kihindi waliyepakana naye ua kwa ua, alikuwa akimletea mgonjwa chakula. Kazija, mkewe Jecha, ndiye aliyepokea na kulisha. Jecha alikuwa akirudi magharibi anakuta mama amelala, anaambiwa "kala", na neno hilo akalichukua kuwa la kumpoza moyo tu. Leo alirudi mapema, na Bi Jamna akampa kifurushi mwenyewe mlangoni mwa duka, huku akimweleza anavyozitengeneza choroko zake. Njiani akakifunua kidogo achungulie. Alichokiona kikamtia wasiwasi, na wasiwasi ukamleta kijiweni.

— Wenzangu, hebu tazameni, alisema, akakiweka kifurushi katikati ya ubao. N'ambieni, hichi cha kumpa mgonjwa au si cha kumpa?

Jani likafunuliwa. Zilikuwa chapati nne nyembamba, zimeviringishwa vizuri, zinanukia samli na tangawizi. Jecha akaifungua moja kwa ncha ya kidole. Ndani mlikuwa na vitunguu, nazi ya kukuna, majani ya kotmiri, na choroko. Na kila choroko ilikuwa imetoa kijimkia cheupe.

— Zimeota, alisema Pandu.

Huyu Pandu aliitwa Redio, kwa kuwa alikuwa akisikiliza redio dukani kwa mtu, na yale asiyoyasikia vizuri akiyamalizia mwenyewe.

— Naziona kama zimeota, alisema Jecha. Ndiyo nauliza.

— Basi hizo mbegu, yakhe. Mbegu ya shamba.

— Subiri, subiri, alisema Ahmada. Msimtishe mtu na ugonjwa hamuujui.

Ahmada alikuwa Dokta. Udokta wake aliupata kwa kufagia wodi miezi miwili, na tangu hapo alizungumza juu ya matumbo ya watu kama aliyeyashona yeye.

— Kazifanyaje huyo Bi Jamna? aliuliza.

— Kasema anaziroweka kutwa nzima. Halafu anazimwaga maji, anazifunga kitambaa kibichi, anakitundika. Asubuhi zina mikia. Anazikaanga kidogo tu kwa bizari, anakamulia ndimu.

— Ehe. Basi sikilizeni. Choroko kavu imelala. Ukiiroweka inaamka. Na kitu kilichoamka kina vitamini.

— Vitamini ndiyo nini? aliuliza Silima.

— Kitu cha ndani.

— Kikoje?

— Ukikiona, jua sicho.

Hapo Ahmada akasema kuwa jambo hili halitaki maneno, linataka uchunguzi. Akamega nusu ya chapati ya kwanza, akaitia kinywani, akafumba macho kwa muda mrefu kuliko uchunguzi unavyohitaji.

— Umeionja vitamini? aliuliza Pandu.

— Iko. Ila iko mbali. Akaimaliza ile nusu nyingine ili kuifuata.

Jecha aliinama akazitazama tena zile choroko. Alikuwa akiwaza choroko za nyumbani kwake masika yaliyopita, pale paa lilipovuja juu ya kapu zikaota zote. Mama yake mwenyewe alizitazama akasema zimeharibika, akawamwagia kuku. Vipi leo kitu kama hicho aende akampe mwanamke asiyeweza hata kuinua kichwa? Akawahadithia.

— Na hao kuku wakafa? aliuliza Hija, huku akimimina.

— La. Hawakufa.

— Wakafanyaje?

Jecha akafikiri.

— Wakataga.

— Wangapi?

— Wote.

Pandu akaunyoosha mkono wake kwenye chapati ya pili kama mtu asiyejua mkono unakwenda wapi.

— Kuku ni kuku, alisema, anatafuna. Kuku ana firigisi, inasaga mpaka kokoto. Weye huna firigisi. Ile mbegu ikifika tumboni ikute maji, ikute joto, itaacha kuota? Kulikuwa na mtu wa Konde kameza kokwa ya ukwaju. Mwaka wa pili anasikia majani yanamtekenya koo.

— Huyo mtu jina lake nani?

— Redio haikutaja jina.

— Mbona na weye unakula?

— Mie nala kidogo. Kidogo hakioti.

Silima alikuwa akikohoa, na Silima akikohoa kila mtu alijua analoleta. Aliitwa Silima wa Ng'ombe. Siku moja katika maisha yake aliingia uwanjani kwenye mchezo wa ng'ombe, na ng'ombe akamtupa mpaka kwenye shamba la mihogo la mtu wa jirani. Tangu siku hiyo hakuna mazungumzo yaliyoanza hapo kijiweni bila ya kuishia kwenye ng'ombe yule.

— Mie naona mnababaika na mikia, alisema. Mimi tatizo langu jingine. Hamna nyama humo, hamna samaki. Nikauliza: mtu atapata nguvu wapi?

— Ndiyo, hapo umesema, alisema Pandu.

— Ngoja, sijasema. Nikauliza hivyo, halafu nikajijibu. Ng'ombe aliyenirusha kwenye mihogo alikuwa kala nini?

Silima akawazungushia macho wote.

— Mmewahi kumwona ng'ombe anachambua miba ya changu? Majani, bwana. Majani matupu. Na mie siku hiyo nilikuwa nimekula nguru vipande vitatu.

— Lakini ng'ombe hali choroko.

— Angekula choroko mngenizika, alisema Silima, akachukua chapati ya tatu. Ile mbegu mnaidharau, lakini inatoka chini ya ardhi inalisukuma dongo zito kwa kichwa, haina mikono. Mkuyu unaanza vivyo hivyo, mwisho unapasua ukuta. Wapeni vijana kumi chakula hichi mwezi mmoja, basi la Wete litapanda mlima bila ya injini.

— Na mambo ya halali? aliuliza Pandu, aliyeanza kuona anashindwa. Kile chakula cha Banyani.

Hija akaliweka dele chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alipoyasema aliyasema huku anafuta vikombe.

— Mna nyama humo?

— Hamna.

— Basi hapana kilichochinjwa tukauliza kimechinjwaje. Yule mama tangu azaliwe hajatia kinywani kitu chenye damu, na miaka thalathini hii anakaa na Bi Mwanamize uani wanachambua mchele pamoja. Siku alipofariki mume wa Bi Mwanamize, nani alipika chai ya watu wa matanga? Nipe nionje.

Akapewa nusu ya ile ya Silima. Alipoimeza alitikisa kichwa polepole, akasema ndimu imekaa mahali pake, na akawamiminia wote duru nyingine ya kahawa bila ya kuambiwa. Hilo halikuwahi kutokea.

Pandu sasa alikuwa ameshageuka. Mtu wa redio akigeuka hageuki kidogo.

— Mnajua nini? alisema. Yule Mrusi aliyerushwa juu mwaka huu, akaizunguka dunia. Kala nini huko?

— Kala nini?

— Fikirini. Juu hakuna uzito. Ukikaanga samaki mafuta yote yanapaa, yanakuunguza uso. Kuku atakurukia. Basi mtu kama huyo anatiliwa nini mfukoni? Kitu kimeviringishwa, hakimwagiki, na ndani kina uhai wake.

— Choroko, alisema Ahmada kwa heshima.

— Zenye mikia, alisema Pandu. Na hilo hawatolisema. Hizo siri za serikali.

Wakaikata ya nne vipande vitatu kwa sababu ya Mrusi. Jecha alikuwa akimsikiliza Pandu kinywa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu aonyeshwe lile sanduku la sanda akajikuta anatabasamu. Wapumbavu hawa, aliwaza, pengine wamesema kweli bila ya kujua. Pengine mama angepata nguvu. Akaiona ile kazi ya kuamua imekwisha, akanyoosha mkono achukue kifurushi akampelekee.

Mkono ukashika jani tupu. Palibaki choroko moja, imekaa katikati na mkia wake.

— Jecha.

Sauti ilitoka nyuma yao, nyembamba, lakini ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Wote wakageuka.

Bi Mwanamize alikuwa amesimama njiani. Amejifunga kanga mbili, mkono mmoja umeegemea mpini wa jembe, kwa kuwa fimbo nyumbani haikuwapo, hajawahi kuihitaji. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mashavu imechongoka, na miguu ilikuwa ikimtetema. Kazija alikuwa nyuma yake, mikono yote miwili mbele, tayari kumdaka, na uso wake umejaa hofu na kicheko pamoja.

Wanaume wakasimama, ubao ukapiga kelele.

— Shikamoo, Bi Mwanamize.

— Marahaba, alisema, bila ya kumwangalia hata mmoja. Jecha, Bi Jamna kaniambia kupitia uani kuwa kakupa chakula changu tangu wanaadhini alasiri. Nimesubiri. Nimesubiri tena. Njaa inaniuma. Chakula changu ki wapi?

Ahmada alikuwa bado na kitu shavuni na hakujua akimeze au akiache. Silima aliangalia upande wa Gombani kama kuna ng'ombe anakuja. Pandu Redio, aliyekuwa na habari za Konde na za mbinguni, hakuwa na habari ya jambo hili. Hija alilishika dele kwa mikono miwili na kulitazama.

Jecha yeye alikuwa amebaki kwenye neno moja tu. Njaa. Mwezi mzima alikuwa amemwomba Mungu amrudishie mama yake neno hilo, na leo limekuja kwa miguu, hatua hamsini, na hasira juu. Machozi yaliyokuwa yamemkaa kooni yakashuka yote kwa mara moja na hakujali nani anamwona.

— Unalia nini? alisema mama yake. Nimekuuliza chakula.

— Nakifuata, mama. Nakifuata sasa hivi.

— Mwambie Bi Jamna atie pilipili. Na sita, si nne.

Jecha akaondoka mbio kuelekea dukani, kanzu ameikunja mkononi. Nyuma yake alisikia mama akisema "nisogeeni huko", kisha mlio wa ubao akikaa, na kikombe kikigongana na dele. Halafu akaisikia ile sauti nyembamba inaanza na wa kwanza kwenye ubao, taratibu, mmoja mmoja.

— Haya Ahmada, meza kwanza. Weye umekula ngapi?